Kinga ya Grenda: Hotuba ya Halmashauri ya Karakana katika Mkutano wa Kutimiza Miaka 10



Twafahamu kwamba tumepewa nafasi hii baada ya Bwana Mweka Hazina, na kwamba masikio yaliyokwisha kusikia habari za kilo, bei na madeni huwa yamechoka kidogo. Wenzetu watasema juu ya mambo makubwa ya miaka hii 10, kama vile ghala, mtambo wa kumenyea kahawa, na mikopo ya mbolea. Sisi wa Halmashauri ya Karakana tumechagua kitu kidogo mno, kipande cha chuma chembamba kilichokunjwa nusu duara, ambacho mtoto aweza kukibeba kwa vidole viwili. Ndiyo kinga ya grenda. Mafundi wengine huiita kava.

Tulipokuwa tukiyatayarisha maneno haya, mzee wetu mmoja alituuliza kwa nini tunataka kuwafundisha wakulima habari za greda, hali barabara ni kazi ya Serikali. Tulicheka pamoja naye, walakini swali lake lilitufaa, maana huenda wengine hapa wana shaka hiyo hiyo. Greda ni gari lile kubwa la kusawazisha barabara. Grenda ni mashine ya umeme ya kushikwa mkononi. Huzungusha jiwe jembamba la duara, nalo jiwe hilo hukata nondo, mabomba na wavu wa chuma. Jiwe lililo nene zaidi husugua na kunoa. Si mashine ya kale. Kiwanda cha Flex, katika mji wa Steinheim an der Murr nchini Ujerumani, ndicho kilichotoa grenda ya kwanza ya mwendo mkali mwaka 1954, na mpaka leo Wajerumani huita grenda yoyote Flex, hata ikiwa imetoka kiwanda kingine.

Karakana yetu ilinunua grenda 2 katika mwaka wa pili wa Chama. Moja ni ndogo, ya jiwe la milimita 115, na nyingine ni kubwa, ya milimita 230. Wale mliokuwapo mwanzoni mnakumbuka tulivyokuwa tukikata nondo kwa msumeno wa chuma, watu wawili wakipokezana, hata jua likapanda nao hawajamaliza vipande 10. Grenda ilipokuja, meza za kuanikia kahawa za chama kizima cha msingi ziliweza kupata miguu ya chuma katika muda wa siku chache. Basi tukafungua kitabu cha kuazimia, na kila chama cha msingi kikapewa haki ya kuichukua. Twasema kweli, hakuna chombo katika karakana kilichopendwa kuliko ile grenda ndogo.

Sasa yatupasa kuungama jambo, na twaliungama mbele ya Mkutano Mkuu kwa kuwa mali ni yenu na kosa ni letu.

Mwaka juzi grenda ndogo ilirudi karakana bila kinga. Aliyeiazima alikuwa akikata chuma katika pembe ya fremu ya mlango, na kinga ikawa inagonga ukuta. Akailegeza, akaivua, akamaliza kazi yake salama, na kinga ikabaki nyumbani kwake chini ya kitanda. Mtunza stoo wetu aliandika katika kitabu maneno mawili: “Kinga hakuna.” Kisha akaiazimisha tena. Tumehesabu katika kitabu hicho hicho: iliazimwa mara 9 bila kinga, na kila mara sahihi ya mmoja wetu ipo chini ya ukurasa. Hakuna aliyeumia, na kwa sababu hakuna aliyeumia sote tulidhani kwamba kinga ni pambo.

Mara ya kumi aliichukua kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, aliyetumwa kutengeneza meza za kuanikia. Ametupa ruhusa kusimulia habari zake, ila jina lake tusilitaje. Mawe ya milimita 115 yalikuwa yamekwisha dukani, akauziwa jiwe la milimita 180. Alilijaribu, likaingia barabara. Alikata nondo 3. Katika nondo ya nne, ambayo ilikuwa imelala juu ya mawe mawili huku na huku, chuma kililegea katikati kikalibana jiwe, na jiwe likapasuka. Kipande kimoja kilimpiga katika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Daktari alishona alichoweza kushona. Vidole 2 vya mkono ule havikunji tena. Msimu huu alipogoa kahawa ya baba yake kwa mkono mmoja, na mkewe ndiye aliyekuwa akimshikia matawi.

Tangu siku ile tumejiuliza, na tumewauliza mafundi wenye ujuzi kutupita, ni kwa namna gani kipande kidogo cha chuma kingaliweza kuuokoa mkono ule. Twaomba mtuvumilie tuwaeleze, kwa maana jibu lake si lile tulilolitazamia.

Kila jiwe limeandikwa juu yake mwendo wa mwisho linaoweza kuuvumilia. Jiwe la milimita 115 huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika. La milimita 180 huandikwa kama mizunguko 8,500, na la milimita 230 huandikwa kama 6,600. Wengi hushangaa kwa nini jiwe kubwa lipewe mwendo mdogo. Sababu ni kwamba ukingo wa jiwe kubwa husafiri njia ndefu zaidi katika kila mzunguko. Mawe hayo yote matatu, yakifika mwisho wa mwendo wake, ukingo wake huenda mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Huo ndio mpaka.

Grenda ndogo kama yetu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kwa jiwe lake la milimita 115 mwendo huo uko ndani ya mpaka. Mfungie jiwe la milimita 180, na ukingo wake utakwenda karibu mita 104 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Wala madhara hayaongezeki kwa kadiri ya mwendo peke yake. Nguvu inayotaka kulipasua jiwe huongezeka kwa mraba wa mwendo, na maana yake ni kwamba mwendo ukiongezwa mara 2, nguvu hiyo huwa mara 4. Jiwe la kijana wetu lilikuwa likivutwa kwa nguvu inayozidi mara moja na nusu ile lililotengenezwa kuivumilia, hata kabla nondo haijalibana. Likabanwa, likavunjika, na vipande vikaruka kwa mwendo ule ule.

Basi kwa nini liliingia? Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Tundu la katikati la mawe hayo ni moja, milimita 22 na kitu, kwa jiwe la 115, la 125, la 180 na la 230. Tundu halimkatai mgeni. Mhimili wa grenda haumkatai, wala nati haimkatai. Katika grenda nzima kitu kimoja tu ndicho kinachokataa jiwe lisilo lake, nacho ni kinga, kwa sababu jiwe kubwa haliwezi kuzunguka ndani yake. Sisi tulidhani kazi ya kinga ni kuzuia cheche na vipande, nayo kazi hiyo huifanya. Lakini kazi yake ya kwanza huifanya kabla swichi haijawashwa. Ni bawabu. Tulipomwondoa bawabu, tuliuacha mlango wazi kwa jiwe lolote lililopatikana dukani.

Tulimtafuta yule aliyeivua kinga mara ya kwanza. Alikuja mwenyewe, ameifunga katika gazeti, baada ya miezi 7. Hatukumgombeza, na hata leo hatumtaji kwa ubaya. Tulimwomba atuonyeshe jinsi ilivyomzuia kukata ile pembe, naye akatuonyesha, akasema kweli: kwa jinsi ilivyokaa, isingewezekana. Ndipo fundi mmoja aliyekuwapo akailegeza skrubu, akaigeuza kinga robo ya duara, akaikaza, na grenda ikaingia katika pembe bila kugusa ukuta. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe yageuka?” Na kwa haki twasema, wawili kati yetu wanahalmashauri tulikuwa tukijiuliza neno hilo hilo moyoni.

Mabibi na Mabwana, kinga ya grenda imetengenezwa igeuzwe. Haikukusudiwa kukaa mahali pamoja kama paa la nyumba. Mtu hukata akiwa amesimama, mara ameinama, mara anakata kwa kushuka chini na mara kwa ubavu, na kila anapobadilisha namna ya kuishika mashine, upande uliofunikwa sharti ubadilike pia ili uwe baina ya jiwe na mwili wake. Aivuaye kwa sababu inamsumbua, aghalabu ni mtu ambaye hakuonyeshwa namna ya kuigeuza.

Namna yenyewe ni rahisi. Kwanza chomoa plagi. Swichi peke yake haitoshi, maana kidole chaweza kuigusa. Kisha tazama shingo ya grenda, nyuma ya jiwe. Katika grenda za namna ya yetu kinga hushikwa na mkanda wa chuma wenye skrubu: legeza skrubu, geuza, kaza. Katika nyingine kuna wenzo mdogo ambao hufunguliwa kwa kidole gumba bila spana wala bisibisi, na nyingine zina kitufe cha kubonyeza. Geuza hata upande uliofungwa ukuelekee wewe, na ule ulio wazi uielekee kazi. Tazama pia cheche zitakwenda wapi. Zisiielekee petroli, wala nyasi kavu, wala magunia. Na kwa ajili hiyo tumeomba kwamba pasiwe na ukataji wowote ndani ya ghala la kahawa, hata kwa dakika moja. Baada ya kugeuza, ijaribu kinga kwa mkono. Ikicheza, bado hujamaliza, kwa kuwa jiwe likipasuka litaizungusha kinga iliyolegea na kuuacha wazi ule upande uliotaka kuufunika.

Kuna jambo jingine tulilolijua kwa kuchelewa. Kinga ni za namna mbili. Ile iliyokuja ndani ya sanduku la grenda zetu ni ya kunolea. Hufunika ukingo na mgongo wa jiwe, lakini mbele i wazi. Kwa kukata yatakiwa kinga ya kukatia, ambayo hulifunika jiwe pande zote mbili, kwa sababu jiwe la kukatia ni jembamba, la milimita 1 hadi 3, na likivunjika vipande hutoka mbele na nyuma. Mara nyingi huuzwa peke yake. Sisi tuliponunua hatukuiuliza, wala muuzaji hakuitaja. Sasa tumekwisha kuzinunua, moja kwa kila grenda.

Juu ya mawe yenyewe tutasema machache. Jiwe la kukatia lisitumiwe kunolea kwa ubavu. Ubavu wake hauna nguvu. Katika pete ya chuma iliyo katikati ya jiwe pameandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kulitumia, kwa maana mawe haya hushikamanishwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo hudhoofika kwa unyevu na kwa umri. Jiwe lililolala stoo masika mawili karibu na sakafu halistahili kuaminiwa, hata likionekana jipya. Kila jiwe jipya lizungushwe bure kwa muda wa dakika moja, limeelekezwa mahali pasipo na mtu, kabla halijagusa chuma. Na nondo isilazwe juu ya mawe mawili kama alivyofanya kijana wetu. Ifungwe katika jiriwa, au iegemezwe karibu na mahali pa kukata na ncha iachwe ianguke yenyewe, ili ufa ufunguke badala ya kufumba.

Tumesikia pia kwamba baadhi ya wanachama hufunga katika grenda meno ya msumeno wa mbao ili wakatie matawi ya mikahawa mikuu. Wanaofanya hivyo hulazimika kuivua kinga, na hilo peke yake lingetosha kuwa ushahidi. Meno ya msumeno hung’ata kuni na kuirusha grenda nyuma, usoni mwa mtu, kabla hajapata kufumba macho. Karakana ina misumeno ya kupogolea ya mkono. Iazimeni hiyo.

Na kwa kuwa tumegusa shamba, turuhusuni kuwatetea wazee kidogo. Vijana wengi huleta mapanga karakana yanolewe kwa grenda, wakitaka yang’ae upesi. Panga likinolewa hivyo huchomwa na joto, makali yake yakageuka rangi ya buluu, na chuma kilichogeuka buluu kimelainika. Halitakaa na makali hata siku mbili. Tupa ya mkono ni ya polepole lakini haikiharibu chuma. Hili halihusiani na kinga, ila tumeona tusilipite.

Ulimwengu ulikwisha kuyafikiri mambo haya zamani. Uingereza iliamuru sehemu za hatari za mitambo viwandani zizungushiwe kinga kwa sheria ya mwaka 1844, baada ya watu wengi, na wanawake na watoto miongoni mwao, kuvutwa na mikanda na magurudumu. Mwaka 1963 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilipitisha Mkataba nambari 119 juu ya kinga za mitambo. Mkataba huo hausemi juu ya viwanda peke yake. Wasema kwamba mashine ambayo sehemu zake za hatari hazina kinga isiuzwe wala isikodishwe. Tulipousoma mstari huo tulikumbuka kitabu chetu cha kuazimia na zile sahihi 9. Hatukuwa tumeuza wala kukodisha. Tulikuwa tumeazima, bure, kwa nia njema. Mkono wa kijana hauijui tofauti hiyo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri ya Karakana yaleta shauri mbele ya Mkutano Mkuu. Grenda yoyote isiyo na kinga yake isitoke karakana, hata kama aiombaye ni Mwenyekiti mwenyewe. Kila aiazimaye aigeuze kinga mbele ya mtunza stoo, mara moja huku na mara moja kule, ndipo atie sahihi. Mawe yanunuliwe na Chama na kutolewa pamoja na grenda, asiachiwe mtu kwenda kubahatisha dukani.

Juu ya kinga inayopotea tulibishana sana, na ni haki yenu kulijua hilo. Wenzetu wawili walitaka mwenye kuipoteza atozwe faini. Sisi wengine tulikataa, na hatukukataa kwa huruma. Mtu anayeogopa faini atairudisha grenda usiku, ataiweka pembeni na kunyamaza, na atakayefuata ataichukua hivyo hivyo. Bei ya kinga ni ndogo. Na ilipwe na Chama, mradi mtu aseme wazi siku ile ile kwamba imepotea. Waliotaka faini hawajaridhika mpaka leo, nao wameketi hapa mbele. Mkutano ukipenda kuwasikia, tutafurahi.

Kuhusu kijana wetu, Halmashauri Kuu imekubali kwamba gharama za hospitali zilikuwa juu ya Chama, nazo zimelipwa. Je, hilo latosha kwa vidole 2 vya mtu mwenye miaka mingi ya kupogoa mbele yake? Sisi twaona halitoshi. Tumeomba apewe kazi ya kuazimisha vyombo katika karakana, yenye mshahara, kuanzia mwezi ujao. Shauri hilo nalo ni lenu kulikata.

Grenda zote 2 zimewekwa juu ya meza ile iliyo karibu na mlango. Plagi zimechomolewa, na mawe yameondolewa. Yeye ndiye atakayesimama hapo. Tunawaomba, kabla ya kwenda kwenye chakula, kila mmoja apite mezani aigeuze kinga kwa mkono wake mwenyewe. Akina mama wapewe nafasi ya kwanza, maana mwaka huu wao ndio walioongoza kwa kuazima.